Mfua Maji

Karani Tibenderana alikuja Panyimur na kompyuta ya mapajani,
akaiweka kwenye meza ya gombolola,
ile ambayo mguu wake mmoja unakaa juu ya jiwe.
Akauliza: Kina gani?
Fidia ni ya waliofanya kazi kilindini,
mita thelathini kwenda chini,
si wapaa magamba, si wabeba barafu, si watu wa ufukweni.
Nikamwambia, mwanangu, maji hayana alama za rula.
Sisi tulijua kilindi kwa kamba kuisha mkononi
na taa za Mahagi kuwa karibu kuliko za kwetu.

Kazi yako?
Nilikuwa nafua maji.
Vidole vyake vikagonga upesi, kama kuku anayedonoa.

Miezi mitatu baadaye orodha ikabandikwa mlangoni
kwa gundi ya muhogo. Mbuzi walikuwa wameshaanza kuila pembeni:
*Munguriek Zakayo. Dobi. Hastahili.*

Dobi!
Nilipouliza, wakasema mfuaji ni mfuaji.

Miaka kumi na moja ndani ya Namba Saba
nimepiga magoti miguuni pa wenzangu
na jerikani la njano lililokatwa mdomo,
wao wakivuta nyavu, mimi nikilirudisha ziwa ziwani.
Kopo la kwanza. La pili. La mia nane.
Nikisinzia, wote wanajifunza kuogelea.
Magoti yangu yalibaki huko;
daktari wa Angal ameandika hivyo kwa mkono wake,
ila kwenye fomu hakuna kisanduku cha magoti.

Anayestahili ni Wathum.
Wathum aliyeshika funguo za chumba cha barafu,
viatu vikavu masika na kiangazi.
Ana kadi ya kampuni, ina picha, ina muhuri,
imeandikwa *Idara ya Kilindi*
kwa kuwa barafu ilikuwa ya mashua za kilindini.
Simwiti mwizi. Kadi ndiyo iliyokwenda kuvua.

Usiku mmoja tu alipanda nasi, kwa dau la chupa ya waragi.
Upepo ukateremka kutoka milima ya Kongo,
ubao wa tatu ukaachia.
Wathum akanikamata mkono wa kushoto, akimwita mama yake,
nami nikafua kwa wa kulia
mpaka kulipopambazuka.

Jumanne nikamwendea. Alikuwa anapaka rangi mlango mpya.
Njoo useme tu kwamba uliniona.
Brashi ikadondosha buluu kwenye kidole chake cha mguu.
Nikisema nilikuona, wataniuliza mara ngapi.
Na nikisema mara moja...
Hakumaliza. Nami sikummalizia.
Tukautazama mlango ukikauka.

Nahodha Ocaki amelala kaburini kule Dei.
Biywaga alivuka ng'ambo mwaka wa kipindupindu, kimya hadi leo.
Na karani, kwenye simu, ananihesabia siku:
Kumi na nne, mzee. Lete shahidi aliyekuwepo,
lakini asiwe mnufaika.
Yaani nilete aliyekuwepo
asiyekuwa wetu.

Ayerango aliposikia alicheka mpaka akakaa chini.
Halafu akanitupia shuka mbili na gauni la mjukuu:
Haya, Bwana Dobi, serikali imesema.

Nikazipeleka mwaloni. Sijui kufua nguo.
Sabuni ilinitoroka mara mbili.
Nikainama pale maji yasipofika hata goti,
kina ambacho Tibenderana angekicheka,
na mikono, bila kuniomba ruhusa,
ikaliacha gauni lielee
ikashika beseni, ikaanza kuchota na kumwaga
nyuma ya bega, kuchota na kumwaga.

Mtoto mmoja mwenye fungu la angara akasimama.
Babu, umepoteza nini?
Nikamwambia ngoja kidogo,
niko mia tatu na sita.